Unga wa Vifuu na Maji ya Batiki

Mama yangu alikuwa akitengeneza batiki uani, kwenye nyumba ya kupanga huko Temeke, na maji yake yalitiririka hadi mlangoni kwa mwenye nyumba, leo zambarau, kesho kijani. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye mdomo wa shoka, akatutangazia mbele ya wapangaji wote kwamba rangi ikionekana tena mlangoni kwake, tuhame.

Nilikuwa nasoma kemia chuoni, na kiburi changu kingetosha ukoo mzima. Niliokota vifuu kwa wauza nazi, nikavichoma mkaa, nikautwanga, nikauchemsha na chumvi ya chuma hadi unga wake ukaanza kunaswa na sumaku. Unga huo ukiutia kwenye maji hunyonya rangi, kisha unauvuta wote kwa sumaku. Yangu niliing'oa kwenye spika mbovu.

Siku ya kuonyesha, wapangaji walijazana uani utadhani wamealikwa ngoma. Nilitia unga kwenye ndoo ya maji ya zambarau, nikakoroga weee, nikatumbukiza sumaku. Maji yakabaki meupe. Nilitamani kuwacheka wote usoni.

Mwenye nyumba alichota kikombe, akamnyooshea mama.

"Si mnasema ni safi? Haya, toa uchawi kwanza, ndiyo tuonje na sie."

Kwetu bara, anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza, ndiyo kutoa uchawi, uone hakina sumu. Asiyeonja kajihukumu. Yule mwanamke alilijua hilo vizuri, maana kila sikukuu alikunywa togwa yetu.

"Mama, usinywe!" nilipiga kelele. "Rangi ndiyo imetoka, kostiki bado imo!"

Kostiki soda ndiyo inayofanya rangi ishike kitambaa, lakini huunguza koo, na sumaku haiiwezi.

Wapangaji wakaangua kicheko. "Msomi anaogopa maji yake mwenyewe!"

Mama alizoea kutukanwa yeye. Kuchekwa kwangu hakukuweza. Akapiga funda kubwa, akameza, akashika shingo. Waliokuwa wakicheka ndio waliomkimbilia na maziwa, na nawachukia hata kwa hayo maziwa yao.

Tulihamia Chanika. Koo lake lilipona likiwa jembamba, na sasa hapitishi kitu zaidi ya uji. Mgeni akimuuliza yaliyompata, hunielekezea kidole na kusema kwa sauti iliyokwaruzika, akijivuna:

"Yale maji aliyatengeneza huyu mwanangu."