Gari Lililoshushwa

Mwanangu, picha ya gari lako nimeiona, na imenilazimisha kukiri jambo ambalo nimewakatalia mama zako wadogo miaka yote hii. Kabla sijampenda Obadia, nilipenda gari lake. Lilikuwa gari dogo kuukuu. Fundi wa Kasulu alilikatia springi likashuka, akalivika sketi za plastiki ubavuni, rimu za kung'aa na taa za buluu tumboni. Likipita Kibondo ungedhani disko limepewa leseni ya udereva. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimesoma falsafa, na niliamini maisha ndiyo hayo.

Nakumbuka siku aliyokuja na wazee wake kujitambulisha kwetu, Munanila. Baba alikuwa mgonjwa sana. Aliomba kitu kimoja tu: wazee wa kijana waingie, waketi, wanywe naye pombe ya ndizi, ajue ananiacha mikononi mwa watu. Tangu alfajiri alikaa sebuleni amevaa koti, amekataa kulala. Mtungi ulikuwa mbele yake. Kwetu mtungi haufunguliwi kabla ya wageni kuketi.

Gari likakwama kilimani, chini kidogo ya nyumba. Tumbo lililalia tuta la katikati ya barabara, matairi yakazunguka bure. Mimi, niliyepaswa kubaki ndani nikiona haya, nikateremka mbio. Vijana wa jirani walikuwa wametoka shamba.

"Bosi, tuliinue? Tupo wengi."

"Msiguse!" Obadia akafoka. "Mikono ina udongo, mtanikwaruzia rangi."

"Basi tuletewe glovu za daktari," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Baba yake mkubwa akafungua mlango. "Obadia, tumekuja kuoa au kulinda gari? Tupande kwa miguu, mzee wa watu anatusubiri."

"Nikiliacha hapa watang'oa taa, baba. Tumngoje fundi."

Wazee hawawezi kuingia ukweni bila mwoaji, wakangoja. Nami, msomi, badala ya kumvuta mkono tupande, nikavua mtandio nikaanza kufuta tope kwenye rimu.

Mvua ikanyesha. Fundi alifika jioni, wakalivuta kurudi Kasulu. Nyumbani Baba hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "fungueni mtungi, wapeni majirani." Akavua koti, akaenda kulala. Siku chache baadaye alifariki.

Sikukatazi kulipamba gari lako, mwanangu. Ukiwa na mtu anayekusubiri, liache njiani uende kwa miguu. Wakija watu kukusaidia, usitazame mikono yao ina nini. Sidhani kama utanisikia. Mimi wa umri wako nisingemsikia mtu yeyote. Hata hivyo nasema, na Mungu akujalie kufika kwa watu wako wakiwa bado wamekaa wanakungoja.

Obadia alipiga simu asubuhi ya mazishi. Nilikuwa nimeshajipanga kumsamehe.

"Pole sana, mpenzi. Mnazika leo?"

"Leo, saa kumi."

"Mkisogeza hadi kesho nitakuja. Rangi ya bampa haijakauka."