Mtu na Wifi Yake, Simu Moja

Saa mbili asubuhi, foleni ya kina mama imefika mlangoni na Mama Mafaili hajagusa chai yake. Yuko mbele ya kompyuta ya kliniki ya watoto, miwani imeshuka puani, anaandika kwa kidole kimoja: CREATE TABLE watoto. Ni amri ya kuunda jedwali jipya kwenye kanzidata. Mambo yakigoma leo, kompyuta inarudi stoo.

Ametunza mafaili hapa miaka kumi na tisa, hata jina lake halisi limesahaulika. Kadi zilifika 4,300, na kuitafuta moja kuliweza kula dakika arobaini. Mwaka jana akajiandikisha darasa la kanzidata la Jumamosi.

"Wenzangu wote ni rika la binti yangu," anasema. "Wiki ya kwanza walinicheka. Ya pili wakaanza kunakili kazi zangu."

Jedwali lake la kwanza lilichanganya mama na mtoto, na kila mstari ulitambulishwa kwa namba ya simu. Alisahau kwamba zipo nyumba zenye simu moja. Wakaja mtu na wifi yake, kila mmoja na mwanawe, wote wakataja namba ya bibi wa watoto. Kompyuta ikamkataa wa pili. Kwa haraka ya foleni, Mama Mafaili akaandika taarifa za huyo wa pili juu ya zile za wa kwanza, zikafutika.

Mtoto wa kwanza alipoletwa kuchanjwa surua, mashine ikaonyesha ameshachanjwa, kumbe aliyechanjwa ni yule wa pili. Akarudishwa nyumbani.

"Mama yake alibisha, sisi tukaiamini mashine. Niliumia sana. Angeugua, ningemtazama vipi?"

Muuguzi mkuu, mtu wa maneno machache, akampa hadi leo, Ijumaa, awe amerekebisha.

Sasa majedwali ni mawili. Kila mama na kila mtoto ana namba ya kliniki, na mtoto anabeba pia namba ya mama yake. Simu hata ukoo mzima uitumie, haidhuru.

Mtu na wifi yake wanafika dirishani. "Mama, leo mtatutambua?" anauliza yule aliyerudishwa.

Anaingiza wa kwanza, kisha wa pili. Mistari yote miwili inakubali. Mama Mafaili anashusha pumzi, na mwandishi wa makala haya naye anajikuta ameshusha yake.

"Haiendi stoo," anasema muuguzi mkuu.

Lijalo ni jedwali la tarehe za chanjo. "Mtoto akipitisha siku yake, sisi ndio tumpigie mama, asije tena kubishana na sisi."

Kilio kikali kinatoka chumba cha sindano. Ni yule mtoto aliyerudishwa. Mama Mafaili anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwacheni alie," anasema. "Wiki tatu nakisubiri hicho kilio."