Kisanduku Kilichokubali Saa Mbili

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya hesabu, suruali moja ya kitambaa, na hofu moja: watu watakaoandika upuuzi. Mhadhiri wetu wa programu alikuwa ametuaminisha kwamba mtumiaji wa kompyuta ni adui asiyejijua. Mpe kisanduku cha kuandikia tarehe, ataandika jina la mke wake. Mwulize umri, atakujibu "mzee kidogo". Kwa hiyo kila kisanduku kiwekewe mlinzi, mistari michache ya programu ya kukagua kilichoandikwa kabla hakijapita ndani. Wenzangu waliokoka chuoni. Mimi niliokolewa na somo hilo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, hospitali moja ndogo ya kanisa upande wa Rangwe, kwetu ziwani, ilizawadiwa kompyuta mbili, na hakuna aliyejua za kufanyia nini. Mjomba wangu, aliyekuwa kwenye kamati, akawaambia ana mpwa aliyezisomea mashine hizo na ambaye kwa sasa alikuwa akimmalizia unga. Ndivyo nilivyopata kazi. Programu yenyewe ilikuwa dirisha moja la kijivu: kisanduku cha jina la mgonjwa, cha dawa, cha saa aliyomeza dawa mara ya mwisho, na kitufe cha kuchapisha orodha. Vidonge vya kwinini vilikuwa vya kila baada ya masaa manane. Kompyuta inajumlisha nane, karatasi inatoka, muuguzi anapita nayo vitandani.

Kisanduku cha saa ndicho nilichokipenda. Kilikataa herufi, kilikataa ishirini na tano, kilikataa dakika sitini, kilikataa kuachwa kitupu. Kila kilipokataa kilipiga mlio mkali na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba saa si sahihi. Nilikijaribu siku mbili. Niliandika "ugali". Niliandika nukta tupu. Nikalaza kiwiko juu ya kibodi. Hakuna kilichopita. Karani wa wodi, mwanamume mnene wa rika langu, aliubatiza mlio ule mama mkwe. Kila ulipopigwa aliwageukia wauguzi na kutangaza kwamba mama mkwe amekataa tena, nao wakacheka, nami nikacheka kwa majivuno ya mtu anayesifiwa bila kutajwa.

Wiki tatu zikapita bila lalamiko. Jumamosi moja nilipita pale, karani akaniambia sista mkuu wa wodi anaenda likizo, na kuanzia Jumatatu nafasi yake itashikwa na muuguzi mgeni kutoka upande wa Nyeri, dada makini ambaye hata viatu vyake havipigi kelele. Nikasema vizuri. Jumatatu nikawa Migori kutafuta mteja wa pili.

Mteja huyo alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka pwani miaka mingi nyuma. Aliwauzia wachimba dhahabu wa Osiri sururu, karai na kamba, na alitaka kompyuta imwekee kumbukumbu ya malori yake yanapofika. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa Kiswahili changu, ambacho alisema kimevunjika mguu na kinatembea kwa fimbo. Nilikuwa nimempambia dirisha lake kuliko la hospitali: ukiandika saa, programu yenyewe inaongeza neno asubuhi, mchana au usiku.

Alikaa, akavaa miwani, akajisemea kwamba lori la jana lilifika saa tatu asubuhi. Akaandika 3:00, akabonyeza. Hakukuwa na mlio. Akasoma kilichotokea, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, mashine yako yasema lori langu liliingia usiku wa manane. Mimi nilikuwa nimelala. Lilipokewa na nani, jini?"

Nikaanza kumweleza kwa subira ya msomi kwamba angepaswa kuandika tisa. Akaniuliza kwa nini aandike tisa na ilikuwa saa tatu. Nikafungua mdomo kumjibu, na papo hapo nikaiona meza ya wodi kule Rangwe.

Karani. Karani naye aliandika alichosikia. Mgonjwa akisema amemeza saa mbili asubuhi, kidole chake kinakwenda kwenye mbili. Na mbili ni saa halali. Mlinzi wangu, aliyefukuza ugali na viwiko, angeifungulia mlango na kuipigia saluti. Mbili ukijumlisha nane ni kumi.

Wiki tatu hakuna aliyeumia kwa sababu sista mkuu alizaliwa kulekule ziwani. Alipoona kumi kwenye karatasi alisoma saa kumi, ya jioni, kama mama yake na bibi yake. Aliyeandika alikosea, aliyesoma alikosea vilevile, na makosa mawili yakawa dawa sahihi. Lakini mgeni wa Nyeri alifundishwa chuoni, kama mimi, kwamba kwenye karatasi ya hospitali kumi ni kumi ya Kizungu. Saa nne asubuhi. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.

Niliomba simu nikiwa nimeshaishika. Mara mbili laini ilijaa upepo ikakatika. Mara ya tatu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa na mpishi, ambaye jiko lake lilikuwa jirani na ofisi. Nilimwambia amwite sista wa wodi mara moja. Akataka kujua ni nani anayemtaka. Nikasema ni mtu wa kompyuta. Akacheka, akasema kompyuta inafanya kazi vizuri, nisiwe na wasiwasi. Nikamsihi. Akaweka simu chini, nami nikasikia ndala zake zikienda, kuku, ndoo, mtoto akilia mbali. Kamba ya simu nilikuwa nimeizungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Ndala zikarudi.

"Sista anasema ungoje kidogo," akasema. "Anamalizia kugawa dawa."

Nikamwambia amzuie, lakini laini ilikuwa imekatika. Mwenye duka hakuuliza mengi. Alimwita dereva wa pikapu yake, akamwambia anipeleke na asisimame popote.

Nilifika karibu saa saba. Muuguzi mgeni alikuwa mezani na orodha yangu mbele yake, na nilipoanza kueleza alininyamazisha kwa kuweka kidole juu ya tarakimu.

"Hii kumi," akasema taratibu, "ni kumi ya nani?"

Nikamwambia ni ya karani, ya jioni. Tulipita kitanda kwa kitanda, yeye na kalamu, karani akitafsiri Kijaluo. Tulimkuta mmoja tu aliyepewa dawa kabla ya wakati. Alikuwa mama mchuuzi wa samaki kutoka ufukweni, umri wa mama yangu. Alikuwa amemeza vidonge vyake saa mbili, kabla mgeni hajaingia zamu, akapewa vingine saa nne kasoro dakika tano. Alimwambia muuguzi kwamba ameshameza, lakini alisema kwa Kijaluo, na muuguzi alidhani analalamikia uchungu wa dawa kama kila mtu. Sasa alikuwa anatetemeka, ametapika mara mbili, na masikio yake, karani alitafsiri, yanavuma kama kinu cha kusagia mahindi. Tulipomsemesha alitazama midomo yetu tu.

Daktari alikuja, akasikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaagiza maji ya sukari na apimwe mapigo kila robo saa. Kilichomezwa kimemezwa, akasema. Tungoje. Akaondoka haraka kabla sijamwuliza tungoje nini.

Ningependa kuandika kwamba nilimwogopea yule mama. Kwa nusu saa ya kwanza nilijiogopea mimi: polisi, mjomba, kamati, sura ya mama yangu akisikia. Halafu mkono wake ukaanza kutetemeka juu ya shuka kwa namna mpya, muuguzi akainuka upesi, na hapo woga ukahama ukaenda mahali pake. Karani alikuja akasimama kando yangu.

"Omera, ndugu yangu, mimi niliandika alichosema," aliniambia. "Na mama mkwe alinyamaza."

Hakucheka, na alikuwa na haki. Kila neno la Kijaluo na la Kiswahili nililozaliwa nalo lilijua saa mbili ni nini. Mimi mwenyewe, asubuhi ile, nilikuwa nimeamka saa kumi na mbili. Nilipokaa mbele ya dirisha la kijivu tu ndipo nilipogeuka mtu wa mahali pengine. Nilijaribu kila upumbavu ambao mtu angeweza kuandika, na sikujaribu hata mara moja kuandika saa kama anavyoitaja mtu mwenye akili timamu.

Jioni mtetemeko ulipungua, lakini masikio bado. Mama akanitazama, akamwuliza muuguzi jambo kwa ishara, kisha akanisemesha kwa Kijaluo, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake.

"Wewe ndiye mashine?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi kaa hapo."

Nikakaa. Kulipokucha nilikuwa bado kwenye benchi, shingo imekakamaa, sijajua kama mama huyu ataisikia tena sauti ya wanawe. Karani aliingia kazini akiwa na chupa ya chai. Nilimnong'oneza, nisiwaamshe wagonjwa, animiminie chai isiyo na sukari.

"Nyathina, mwanangu," ikasema sauti ya mama kitandani nyuma yangu, macho yake bado yamefumbwa, "yangu iwe na sukari."