Mwaka wangu wa exchange Finland, na msiba ulionikuta nikiwa mbali na Kinjumbi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Juzi mwanachama mmoja aliuliza maisha ya exchange ughaibuni yakoje. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikashtukia nimejaza ukurasa, nikaufuta. Nimeona bora nifungue uzi wangu.

Haya ni yaliyonipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni mtoto wa Kinjumbi, Kilwa. Mama ni mkulima, ana mikorosho na kashamba ka ufuta. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: mama, dada yangu Zuhura, na bibi mzaa mama, Bibi Somoe.

Bibi ndiye aliyenilea hasa, kwa sababu mama alikuwa anashinda shamba. Yeye alikuwa ananiongelesha Kimatumbi, mimi namjibu Kiswahili, na maisha yakaenda hivyo hivyo miaka yote. Wageni walikuwa wanatushangaa.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni Dar, nasomea ualimu wa jiografia, ikatoka nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Finland. Nikaomba bila matumaini. Nikapata.

Nilienda kuaga nyumbani. Bibi alikuwa uani anamenya ming'oko. Kwa wasioijua, hiyo ni mizizi ya porini, kwetu kusini tunaichemsha na chumvi, tamu balaa.

Akaniuliza, "Huko unakokwenda Waislamu wapo?"

"Wapo, bibi."

"Na mihogo ipo?"

"Mihogo sidhani."

Akamenya kidogo, akasema, "Basi utarudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yangu ya safari.

Tuje Finland sasa.

Nilifika mwishoni mwa kiangazi chao. Mji mdogo, umezungukwa na maziwa na misitu, msafi mpaka unaona aibu kutema mate. Nikapangiwa flati ya wanafunzi watatu: kila mtu chumba chake, jiko na bafu vya pamoja. Mmoja alikuwa Mhispania ambaye muda wote alikuwa kwa mchumba wake, hata sura yake siikumbuki sawasawa. Mwingine alikuwa mwenyeji, anaitwa Mikko, anasomea mambo ya misitu. Jamaa mrefu, mweupe pee, ndevu za rangi ya kutu.

Mikko alikuwa haongei.

Sitanii wakuu. Nikimkuta jikoni nasema "Hi, how are you", anatikisa kichwa, anamimina kahawa yake, anaingia chumbani. Mimi nimetoka Kinjumbi, ambako huwezi kwenda dukani kununua kiberiti bila kuulizwa umeamkaje, mama hajambo, shamba linaendeleaje. Nikajua huyu ni mbaguzi. Nikamweka kwenye kundi hilo na kufunga mjadala.

Miezi ile ya mwanzo ilinipiga vibaya. Masomo nilikuwa nayamudu. Kilichonishinda ni ukimya. Kwenye basi kimya, maktaba kimya, kwenye flati kimya. Kuna siku nilitoka darasani, nikafika nyumbani, nikagundua tangu asubuhi sijatamka neno hata moja kwa sauti. Nikasema jina langu, "Saidi", peke yangu chumbani, nione kama sauti bado ipo.

Na chakula. Mimi nilikuwa sijui kupika. Kwetu mtoto wa kiume ukisogea jikoni bibi anakufukuza na mwiko. Nikawa naishi kwa mkate, mayai na ndizi za dukani ambazo hazina ladha yoyote.

Zuhura akamwambia mama nimekonda. Basi mama akachukua uamuzi. Kila Jumapili mchana wakawa wanasogea na Zuhura mpaka upande wa shule, ambako mtandao unashika vizuri, wananipigia simu ya video, mama ananifundisha kupika.

Naegemeza simu kwenye dirisha la jiko, mama anaangalia sufuria yangu kutoka Kinjumbi.

"Hilo tui mbona jeupe hivyo? Nazi umekunia nini?"

"Sijakuna, mama. Ni la kopo."

"La kopo? Nani kalikuna?"

"Mashine."

Akageuka kwa Zuhura akamwambia, "Mwanangu anakula tui asilolijua," kisha akaendelea kunielekeza.

Mara moja tu nilikaanga samaki kwa fujo, moshi ukajaa, king'ora cha moto kikalia jengo zima. Watu wakatoka nje na makoti, wamesimama kimya kwenye baridi. Hakuna aliyenigombeza. Hilo liliniuma zaidi, ningependa mtu mmoja tu afoke nijisikie nyumbani. Mama kwenye simu akawa anauliza, "Hiyo ni adhana ya huko?"

Jumapili moja nimetoa mchuzi wa samaki wa nazi uliokubali kweli, Mikko akaingia jikoni. Kwa adabu tu nikamkaribisha. Akakaa, akala, kimya. Akamaliza sahani. Akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, akauliza, "Kuna mwingine?"

Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili kwangu.

Tangu hapo kila Jumapili alikuwa anatokea. Haongei, lakini anakuja na kitu: viazi, mkate mweusi wa kwao, siku moja kikapu cha uyoga aliochuma mwenyewe msituni. Anakaa pembeni nikiongea na mama, na mama akawa anauliza, "Yule kijana wako wa kimya yupo?" Zuhura naye anampungia mkono, naye anapunga.

Ikaja baridi yenyewe. Giza mchana. Theluji mpaka magotini. Ziwa likaganda, magari yanapita juu yake. Hapo nikaanza kuvunjika. Naamka sitaki kutoka kitandani. Nikawa nawaza korosho zimeiva, nyumbani wanaokota, harufu ya maganda yakichomwa, na mimi niko huku navaa soksi tatu.

Nikaanza kupiga hesabu ya kuacha na kurudi. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa pili, siku ya kawaida kabisa, niko kantini ya chuo nakula, simu ya Zuhura ikaingia. Haikuwa Jumapili.

"Saidi, uko wapi?"

"Niko kantini, nakula."

"Weka kijiko chini, toka nje kidogo."

Nikatoka. Hata koti sikuvaa.

"Bibi ametutoka. Alfajiri, baada ya kuswali. Wanaume wako makaburini wanachimba sasa hivi, tunamzika alasiri."

Wakuu, nilisimama kwenye theluji na fulana, na sikuhisi baridi.

Mama akapokea simu. Nilikuwa nalia, nikamwambia nakuja. Akasema, "Unakuja kufanya nini, baba? Ukifika utakuta tumeshaanua tanga. Tulia, msomee bibi yako hukohuko. Mungu yuko huko pia." Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini hakulia mpaka tukakata simu.

Nikarudi flati nikaanza kupanga begi.

Naomba mnielewe. Kwetu mtu akifa unakuwa na watu. Jamvi linatandikwa, jirani analeta mchele, wanawake wanaingia ndani na mama, wanaume wanakaa nje. Mtu anaweza asikwambie lolote, lakini umezungukwa. Mimi nilikuwa nimezungukwa na kuta nne na redieta ya kupasha chumba joto inayolia kriiii. Nilijua nikiondoka mwaka mzima wa masomo unapotea na nafasi haitarudi. Nilikuwa tayari ipotee. Kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni mama mmoja alinisikiliza vizuri, akaniambia hawatanizuia, nipumzike wikiendi, Jumatatu nimpe jibu.

Mikko akalikuta begi kwenye korido.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Bibi yangu amefariki."

Akaniangalia. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Nikasema moyoni, hawa watu wana mawe vifuani.

Asubuhi yake akagonga mlango wangu. Ameshika ovaroli nene ya baridi na mabuti makubwa. Akasema, "Vaa."

"Kwa nini?"

"Vaa tu."

Sijui kwa nini nilivaa. Nadhani nilikuwa sina nguvu ya kubisha. Akaniendesha na gari bovu la mjomba wake mpaka kwenye ziwa fulani nje ya mji. Tukatembea juu ya barafu mpaka mbali na ukingo. Akatoa mtambo kama keekee kubwa, akatoboa matundu mawili, akaweka vigoda viwili, akanipa kijiti cha kuvulia kifupi kama mwiko. Akakaa. Nikakaa.

Tukakaa.

Muda ukaenda. Hakusema neno. Kila baada ya kitambo ananimiminia kahawa ya chupa, ananipa mkate, anarudi kwenye tundu lake. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye hasira ikachoka. Palikuwa peupe kila upande, hakuna sauti, na huyu mtu yupo pembeni yangu, haendi popote, haangalii simu.

Halafu akauliza, bila kugeuka, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Somoe."

"Somoe," akarudia, taratibu, kama anahakikisha amelishika.

Hapo ndipo bwawa likapasuka. Nikaanza kumwambia. Ming'oko, mwiko wa kunifukuzia jikoni, Kimatumbi chake, jinsi alivyokuwa anaficha ubuyu kwenye khanga ili Zuhura asiuone, aninyime mimi pia kisha anipe nikishanuna. Nilianza kwa Kiingereza, katikati nikahamia Kiswahili, mwisho nadhani Kimatumbi kilitoka, lugha ambayo maisha yangu yote nilikuwa naisikia tu. Nililia, nikacheka, makamasi yakaganda kwenye masharubu. Mikko anasikiliza. Hakunipoza, hakusema yatapita.

Nilipotulia nikamwambia nataka kumwombea. Nikanyanyua mikono nikasoma Fatiha, nikaendelea na dua ninazozijua.

Nilipomaliza nikamwona. Amesimama, amevua kofia, ameishika kifuani. Kwenye baridi ile, wakuu. Masikio yamekuwa mekundu kama pilipili. Sijui alisimama hivyo muda gani.

Nikamwambia, "Vaa kofia, utaumwa."

Akavaa. Tukakaa tena.

Tulipata samaki wawili wadogo wenye mistari. Jioni nikawapika kwa nazi, tukala.

Siku iliyofuata nikampigia mama. Nikamwambia, mama, nimebaki, nitamaliza. Akauliza, "Jana ulikaa na nani?"

"Na Mikko."

"Kutwa?"

"Kutwa nzima."

"Alhamdulillah. Basi na wewe umekaliwa msiba." Ndipo nikamsikia analia.

Begi nikalifungua. Jumatatu nikaenda kumpa yule mama wa ofisini jibu. Yaliyobaki ni ya kawaida: barafu ikayeyuka, jua likakataa kuzama, nikafunga Ramadhani na Waturuki wa mjini, nikafaulu masomo yote isipokuwa moja la takwimu ambalo nilirudia.

Niliporudi, Zuhura alinipokea stendi, tukapitiliza makaburini kabla hata sijanawa uso. Halafu nyumbani. Mama akaniambia, "Nipigie yule mtoto."

Nikampigia Mikko. Mama akaichukua simu mkononi mwangu, akajifunga khanga vizuri, akaanza kuongea naye Kiswahili. Sikutafsiri, alinikataza. Alimwambia ahsante, baba. Akamwambia mtoto wangu alifiwa na mimi sikuwepo, ukakaa naye wewe. Akamweleza bibi alivyoumwa, alivyoaga, nani aliyemwosha, nani aliyeongoza swala. Akamwombea mke mwema na watoto. Ilikuwa ndefu. Mikko haelewi hata neno moja, lakini hakumkatiza, hakuniita nimsaidie, ametulia tu mbele ya simu anamwangalia mama mdomoni.

Mama alipomaliza akangoja jibu.

Mikko akasema, "Somoe."

Mama akanirudishia simu, akaenda uani, na sisi tukamwacha huko mpaka alipotoka mwenyewe.

Siku hizi nafundisha Lindi mjini, nimepanga Mitwero. Joto likizidi mchana nafunga macho naisikia theluji ikilalamika chini ya mabuti, na huwa naitamani, Mungu anisamehe. Watu wananiuliza kama nimekumbuka magorofa ya Ulaya. Mimi nakumbuka kigoda juu ya barafu.

Nilichojifunza ni kimoja. Aliye mbali akifiwa, usihangaike kutafuta maneno. Nenda ukakae naye. Na wewe uliye mbali, usiwahi kumhukumu mtu kwa sababu hajui kusalimia kama kwenu. Mimi niliishi miezi na ndugu yangu mlango kwa mlango nikidhani ni adui.

Nawakaribisha, wakuu, hasa mliowahi kupokea simu kama ile mkiwa nchi za watu. Wewe, nani alikukalia?