Raba Zisizolia

Mpiga Pasi hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mkewe afariki miaka minne iliyopita, hata hayo machache yalikosa pa kwenda. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wafuaji walikuwa upande wa pili wa ukuta na mashine zao za kunguruma. Yeye alikuwa upande huu, peke yake, na meza ndefu, pasi mbili na mlima wa mashuka. Kutwa nzima ananyoosha mashuka waliyolalia watu asiowajua, kisha anapanda baiskeli anarudi nyumbani, jua liwake, mvua inyeshe. Binti yake aliolewa mbali, akawa anapiga simu kila Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula." "Hujambo lakini?" "Sijambo." Basi, baada ya hapo wote wawili wanaanza kutafuta namna ya kuagana.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, ya kudumu, na ilikuwa na kasoro moja tu: breki zililia. Si kulia kidogo, ndugu yangu! Akikata kona ya mwisho ya kuingia uchochoroni kwao na kubana breki, mlio ulipenya nyumba zote, na mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja mshonaji aliyeishi peke yake, mtaa mzima ukimwita Mama Cherehani. Huyo alikaa dirishani na kitambaa chake mapajani, na kila jioni alikuwa na lake la kusema.

"Jirani, leo umemchinja nani?"

Au: "Jirani, hiyo baiskeli ipeleke huko huko kwenu hospitali. Inaumwa."

Mwingine angecheka, akamrudishia la kwake. Mpiga Pasi alisema tu "Samahani, mama," akainamisha kichwa, akasukuma baiskeli ndani, akafunga mlango. Humo ndani alijilaumu mpaka chakula kikapoa. Aliona amekuwa kero kwa watu.

Jumatatu moja jioni Mama Cherehani akamwambia, "Jirani, leo umenifanya nijidunge sindano!" Na kweli alikuwa akinyonya kidole. Lo! Hilo lilimwingia. Akaapa kwamba mlio ule hautasikika tena.

Sasa sikia alichokifanya. Mtu aliyepiga pasi miaka ishirini na sita ana dawa moja ya kila kitu. Pasi ikikwama kwenye nguo, unafunga kipande cha mshumaa katika kitambaa kikuukuu, unasugua kitako cha pasi kikiwa cha moto, nayo inateleza yenyewe. Dawa hiyo ilikwisha kumtibia droo, zipu na dirisha la jikoni. Basi akaipindua baiskeli miguu juu pale sebuleni, akasugua rimu zote mbili kwa mshumaa, kila upande, taratibu, bila kuruka mahali. Akazungusha gurudumu, akabana breki. Kimya. Gurudumu lilichelewa kidogo kusimama, lakini lilisimama. Akatabasamu, mtu mzima na akili zake timamu! Mkewe angekuwepo angeshamnyang'anya huo mshumaa.

Asubuhi yake mvua ilikuwa inamwagika. Njia ya hospitali ina mteremko mrefu unaoishia barabara kuu, na alipofika katikati akabana breki. Baiskeli haikujali. Akabana kwa nguvu zake zote, vishikio vya breki vikagusa usukani, na baiskeli ikazidi kukimbia. Chini kule lori lilikuwa linapita. Hakuwaza, alikata kushoto, akajitupa kwenye lundo la mchanga wa watu wanaojenga.

Goti lilichubuka, kiganja kilichanika, basi. Lakini hakuinuka. Alilala palepale mchangani na wazo moja likamjia, nalo ndilo lililomuuma: hivi, lile lori lingenichukua, nani angejua? Kazini wangesema amechelewa. Binti angepiga simu Jumapili, na leo ni Jumanne. Siku tano. Siku tano nyumba ingekaa imefungwa, sufuria juu ya jiko, na hakuna mtu duniani ambaye angeuliza, huyu bwana yuko wapi? Akalia. Alilia kwa sauti kabisa, maana njia ilikuwa tupu na hakukuwa na wa kumsikia.

Chini ya mteremko kulikuwa na kibanda cha fundi baiskeli. Fundi alipitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Mzee, nani amekupaka nta huku?"

"Mimi mwenyewe. Kama ninavyoipaka pasi kazini."

Fundi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Hii si pasi, mzee wangu! Hapa tunataka ikwame!" Alipoliona goti akaacha kucheka. Akazifungua raba za breki, kuukuu, zinang'aa kama kioo, ngumu kama ubao. Akatandika gunia, akapanga juu yake raba mpya za aina mbili. "Unaendesha siku gani?"

"Kila siku. Mvua, vumbi, vyote vyangu."

"Haya. Hizi nyeusi ngumu utakaa nazo sana. Ila rimu ikilowa zinaanza kwanza kufuta maji, ndipo zishike, na wewe umeshafika barabarani. Tena ndizo za kupiga kelele. Hizi laini zinashika hata kwenye mvua. Zinaisha upesi, na mchanga ukinasa humo zitakula rimu, kwa hiyo uwe unazifuta. Lakini hazilii."

"Hazilii kabisa?"

"Utapita kama paka."

"Niwekee hizo. Mbele na nyuma."

Aliiacha baiskeli isuguliwe rimu kwa sabuni na msasa, akaenda kazini akichechemea. Hakuna aliyemuuliza kuhusu goti, kwa kuwa hakuna aliyeliona. Alasiri akaichukua baiskeli, akarudi na mvua ileile. Kwenye kona ya uchochoro akabana breki, na baiskeli ikasimama pale pale, bila hata mguno. Dirisha la jirani lilikuwa limerudishiwa kwa sababu ya mvua. Hakuambiwa neno. Alikuwa amelitaka hilo, sasa kalipata, na bado aliingia ndani moyo mzito, akakaa kitandani na nguo zake mbichi.

Giza lilikuwa linaanza kuingia mlango ulipogongwa, tena kwa ngumi. Alikuwa Mama Cherehani, mtandio unachuruzika maji, utepe wa kupimia shingoni, miguuni ndara mbili zisizofanana.

"Kumbe upo!"

"Nipo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na mimi tangu hiyo kumi na moja nimetega sikio! Kumi na moja na robo, kimya. Na nusu, kimya, na mvua yote hii. Nikasema, leo kaanguka. Nimekwenda mpaka kule juu ya mteremko nimerudi! Hapa nilikuja kuangalia kama kuna kufuli, nikilikuta niende hospitali kukuulizia."

Mpiga Pasi akamwonyesha baiskeli. "Nimebadilisha breki. Nilijua zinakukera."

"Nani kasema zinanikera?"

"Wewe, mama. Kila siku."

"Si nilikuwa nakutania! Wewe mtu husemi. Miaka minne salamu unaijibu ukiwa umeshaingia ndani. Nisipoanzia kwenye breki, nianzie wapi?" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mwenzako nikisikia ule mlio nasema haya, wa ukuta wa pili karudi. Ndipo naweka kazi chini, nakoka jiko."

"Nitakuwa napiga kengele."

"Kengele kila mtu anayo. Na hilo goti limefanya nini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye mshumaa, Mama Cherehani alishika mlango kwa kicheko. Alipofika kwenye mchanga, kwenye zile siku tano, kicheko kikamkauka.

"Nusu saa, jirani," akasema. "Siku tano za nini? Nusu saa tu ningeshakuwa barabarani nakutafuta."

Mpiga Pasi akamfungulia mlango wote. Akavuta kiti, kile cha mkewe, akamsogezea.

Asubuhi alipita kwa fundi. "Mbele acha hizi laini. Nyuma niwekee zile nyeusi."

"Mzee, zile zitapiga kelele!"

"Najua. Na ukiweza, ziongezee kidogo."

Jioni ile alipokata kona alibana breki ya nyuma kabla hata ya kuhitaji, akaishikilia. Uchochoro mzima ulisikia. Dirisha likafunguka.

"Jirani, leo umemchinja nani?"

Mpiga Pasi akateremsha mguu mmoja chini. "Ya nyuma tu, mama," akasema. "Ya mbele nimeisamehe."