Wa Pili Alikuwa Amekingama

Mama mkwe wangu alikuwa mjuzi wa kila kitu. Aliteremka kutoka Bugeshi na gunia la viazi kuja kungojea mapacha wangu, akajiweka kwenye kiti pale kwetu Nengo, karibu na cherehani yangu, akawa anatoa amri. Wajukuu alikwisha kuwapa majina kabla hawajatoka, Mkubwa na Mdogo, kama desturi yetu inavyotaka.

Mwezi huohuo muuguzi wa kliniki alinipapasa tumbo, akasema wa kwanza ametanguliza kichwa, hana shida. Wa pili amekingama. "Mama, uende hospitali mbele ya uchungu, wakupasue. Ukingoja, huyu wa pili tunaweza kumupoteza." Akaandika kwenye kadi, akapiga mstari chini yake.

Nilipowasomea kadi nyumbani, mama mkwe alicheka. "Mi nilizaa tisa, na hakuna hata mumoja mwenye alipitia dirisha." Mume wangu, aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Goma kila siku kuuza vitenge, nilimuuliza, akajibu, "Bon, ongea na mama." Walinichosha. Mwanaume mzima, anabishana na watu wa forodha kutwa nzima, lakini mbele ya mama yake hana mdomo.

Basi tukangoja. Uchungu ulinikuta nikishona pindo la sare ya shule. Hospitalini wa kwanza alitoka vizuri, akalia, na mama mkwe akapiga vigelegele kwenye korido, akimwambia kila aliyepita, "Si nilisema?" Nilitamani kumtupia kiatu. Wa pili alikuwa bado ndani, na kilichotangulia kutoka kilikuwa mkono. Hapo ndipo daktari alipoitwa mbio, na kisu nilichokikimbia kikanipata vilevile. Mtoto walimtoa wakiwa wamechelewa. Hakulia.

Miaka mingi nilimkasirikia mama mkwe, na sikumficha. Lakini kuna jambo nililolificha. Siku ile kliniki muuguzi aliniuliza, "Na we mwenyewe unataka nini?" Nikamwambia nyumbani watakataa. Nilikuwa hata sijawauliza. Niliwaogopa wanawake wenzangu wa sokoni, waliokuwa wakisema aliyepasuliwa ni mvivu wa kuzaa. Nyumbani niliisoma ile kadi kwa sauti ndogo, nikijua fika mama mkwe atasema nini, na aliposema nikashusha pumzi. Niliogopa kovu. Kovu ninalo.

Mama mkwe hakuacha kumwita mwanangu Mkubwa. Siku moja mtoto, akiwa ameanza shule, aliniuliza tukiwa tunakula, "Mama, mi ni mukubwa wa nani?"

Nikaweka sahani chini. "Wa mdogo wako," nikamwambia. "Mama yako aliogopa kisu."