Kifuko cha Moyo Wangu na Mirija Miwili

Mimi niliishia darasa la nne, lakini moyo wangu naujua kuliko wengi wenye vyeti. Upande wa kushoto una kifuko kidogo, kama kidole gumba. Moyo ukipiga ovyo, damu inatuama humo, inaganda, na bonge likichomoka linakimbilia kichwani. Ndivyo dada yangu alivyopooza. Mpaka leo hawezi kutamka jina la mtoto wake.

Moyo wangu nao ulipoanza kupiga ovyo, nikapewa dawa ya kulainisha damu. Balaa tupu! Nikila mnafu, mboga yetu chungu ya kila siku, kipimo cha damu kinaharibika. Nikiacha mnafu, mundu ukinigusa kidole nikikatia ng'ombe majani, damu inatoka mpaka jioni. Ndipo mjukuu wangu, binti daktari anayesomea mambo ya moyo, akasema kifuko kizibwe.

Nikashuka kutoka kijijini kwetu Masama mpaka hospitali. Mwalimu wake, mzee mwenye mvi kama zangu, akaniwekea mezani mirija miwili. Mrija unaingilia kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na kizibo kinapita humo. Wa kwanza umekunjwa tangu kiwandani, haubadiliki. Wa pili una mpini wenye kirungu. Ukikizungusha, ncha inageuka.

"Mimi nimezoea huu wa kwanza," akasema. "Haujawahi kuniangusha."

Mjukuu wangu akanyoosha kidole kwenye picha ya moyo wangu. "Lakini mwalimu, kifuko cha bibi kimeangalia juu, halafu kimegeukia nyuma. Huo utafika mlangoni umekaa upande."

"Wewe umeshaziba vingapi?"

Nikamjibu mimi.

"Mzee mwenzangu, mimi naziba mfongo, mfereji wetu wa maji, tangu mume wangu afariki. Wanaume walinicheka, eti mwanamke hagusi mfongo. Wakaja kujifunza kwangu! Kipande cha mgomba kikikaa upande, maji yanapita tu. Kizibo lazima kitazamane na tundu uso kwa uso."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, bibi. Tunaanza na wangu. Huo ukigoma, tunachukua wa mjukuu wako."

Siku ya kuzibwa wakanichoma ganzi pajani na dawa ya kunilegeza. Mwili ulilala, masikio yakabaki macho.

"Umekaa upande. Rudisha. Jaribu tena."

Wakaurudisha mrija, wakausukuma tena.

"Bado upande."

Niliogopa, sidanganyi. Nilimwona dada yangu kwenye kiti chake, mdomo umepinda, na kando yake kiti kitupu kinaningoja mimi. Halafu nikasikia sauti ya mzee: "Nipeni ule mwingine. Daktari, njoo usimame hapa. Wewe ndiye utageuza."

Mjukuu wangu huyo! Niliyembeba mgongoni nikichuma kahawa!

"Polepole," mzee akamwambia. "Juu. Nyuma kidogo."

"Naona mlango, mwalimu."

"Basi simama hapo hapo!"

Kizibo kikafunguka kama mwavuli pale mlangoni. Wakakivuta kukijaribu, kikang'ang'ania. Wakatazama picha, wakatazama tena. Hata tone halikupita.

Mzee akaniinamia. "Bibi, umeshinda."

"Siyo mimi," nikamjibu, ulimi mzito kama jiwe. "Mwambie yeye. Tena kwa sauti, wote humu wasikie."

Akamwambia. Wote wakasikia, hadi waliokuwa nyuma ya kioo.